Dubu wa Eastlands

Februari, mabati ya darasa letu la chekechea huanza kulia "ta! ta!" kwa joto kabla ya uji wa saa nne. Mada ilikuwa maisha ya nchi za joto na za baridi. Joto tulikuwa nalo la bure. Baridi ikabidi ninunue.

Kwenye soko la Gikomba, Nairobi, nikapata koti la theluji, refu hadi magotini, lenye manyoya shingoni. Kisha mama wa samaki akanigawia bonge la barafu kutoka kwenye sanduku lake. Lilinuka ziwa zima, lakini watoto wa miaka 5 hawana maneno mengi. Au ndivyo nilivyodhani.

Nikavaa koti, nikafunga zipu hadi kidevuni. "Mimi ni dubu mweupe! Chini ya manyoya ngozi yangu ni nyeusi, na chini ya ngozi nina mafuta manene, kwa hivyo sisikii baridi."

"Tichaa, na kama mafuta unayo, koti ni la nini?"

Swali hilo nililiruka. Nikasema dubu huyo yuko kaskazini, pengwini yuko kusini, hawakutani. "Kwani walikosana?" Nikahamia jangwani: nundu ya ngamia haina maji, ni mafuta. Kasichana fulani kakanikagua tumbo kwa makini.

Jasho likanianza. Nikavuta zipu, ikagoma. Nikavuta kwa hasira, kishikio kikabaki mkononi. Kulivua kupitia kichwani? Shingo ilikuwa nyembamba kama ya chupa.

Ili wasiogope, nikaendelea na somo. Mlima Kenya uko karibu na ikweta, nikasema, lakini kileleni, mita 5,199, kuna barafu, maana kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa.

"Basi Tichaa panda meza!"

Mantiki yao haikuwa na dosari, na mimi nilikuwa naiva. Nikapanda. Hapo juu, chini ya mabati, ndipo nilipojua jehanamu iko upande gani. Kijana mmoja mwenye huruma akapanda kiti nyuma yangu, akanidondoshea kipande cha barafu ndani ya kola. Nikapiga ukemi. Wenzake wakaona dawa inafanya kazi, wakaja na vipande vyao.

Mwalimu mkuu alifungua mlango akanikuta nacheza mugithi juu ya meza ndani ya koti la theluji, paka wa jikoni akininusa miguu, darasa zima likiimba "Dubu! Dubu!" Akaufunga mlango taratibu, akaenda kumwita fundi wa majiko kutoka ng'ambo ya barabara.

Fundi alikuja na koleo, akanizunguka mara mbili. "Hii kazi ni ya zipu ama ya samaki?"

Jioni kwenye matatu abiria walifungua madirisha yote. Makanga akanusa, akachungulia chini ya kiti changu.

"Mathe, mzigo wa samaki hulipiwa."

Nikatoa shilingi 20, tukaendelea na safari.