Sheikh Balala: pasipoti iliuma kuliko jela

Barazani kwetu Mombasa, akitajwa Sheikh Khalid Balala, watu hukimbilia fujo za 1992: moshi wa machozi, maduka kufungwa, vijana mbio vichochoroni. Mimi naona kisa chake kizito kilikuja baadaye, naye yuko mbali Ujerumani.

Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU chama pekee, kilipofutwa Desemba 1991, vyama vikaanza kuchipuka. IPK (Islamic Party of Kenya), chama cha Waislamu, kikanyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha dini. (Hata Katiba ya 2010 imekataza vyama vya aina hiyo, na sina ugomvi nayo.) Balala, mhubiri wa Mwembe Tayari, ndiye aliyekipa sauti. Alimsema Rais Moi hadharani wakati wazee wetu bado wananong'ona. Akatiwa ndani 1992, na uchaguzi wa Desemba ukapita yeye yuko korokoroni. Aliachiwa Januari 1993.

Simtetei kwa kila neno. Ulimi wake ulikuwa moto, na baadhi ya vitisho vyake havikumstahiki mtu wa mimbari. Lakini serikali iliyomfungia chama na kumfungia mlango wa jela ilimkuza yenyewe; kila akikamatwa, wafuasi waliongezeka.

Kisha ikageuza silaha. Akiwa Ujerumani mwishoni mwa 1994, akakataliwa kuongezewa muda wa pasipoti, kwa madai kwamba ni raia wa Yemen. Mpaka 1997 ndipo akarudi nyumbani.

Hapo ndipo pananiuma. Shtaka la mahakamani lina wakili, lina rufaa, na linamhusu mshtakiwa peke yake. Ukiambiwa wewe si wa hapa, wameguswa wote wenye babu wa Hadhramaut, huko Yemen, na Mji wa Kale umejaa wajukuu hao. Wasomali wa Kenya walishayaonja 1989, walipopigwa msasa kuhusu uraia wao na kupewa kadi za rangi ya waridi za kuuthibitisha. Na muulize kijana yeyote wa Pwani mwenye jina la Kiarabu alivyohangaika na kitambulisho: lete cheti cha babako, lete cha babu, rudi wiki ijayo.

Wanaotaka kubishana kama Balala alikuwa shujaa au mchochezi, nawaachia baraza. Mimi ningependa tumzungumze kama Mkenya aliyenyimwa karatasi, maana Moi aliondoka Ikulu 2002, na lile dirisha la kuulizwa babu yako alizaliwa wapi likabaki wazi.