Kidevu Kilishonwa, Kiungo Kikasahauliwa

Mpwa wangu wa miaka saba aliteleza kwenye mparachichi ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Moshi, akaangukia kidevu. Katika zahanati tuliyomkimbiza alishonwa nyuzi nne kwa ustadi, lakini hakuna aliyemwambia aachame. Siku ya tatu mama yake aligundua kwamba kila akipiga mwayo taya linakwenda kulia, na meno ya mbele hayakutani tena. Kiungo cha taya upande huo, kile kilicho mbele ya sikio, kilikuwa kimevunjika.

Kidevu kinapogonga chini, pigo husafiri ndani ya mfupa hadi kwenye shingo nyembamba ya kiungo hicho, ikavunjika huku kidevu chenyewe kikiwa na jeraha la ngozi tu. Ndiyo maana naona kila mtoto anayeletwa na kidevu kilichopasuka abonyezwe mbele ya masikio yote mawili, aambiwe aume meno kisha aachame, ndipo ashonwe.

Babu yake alitaka taya lifungwe kwa kitambaa litulie, kama mkono unavyofungwa, wala sikumlaumu. Kumbe kwa mtoto kiungo hiki kikitulizwa muda mrefu kinaweza kugandamana na fuvu, mdomo ukakataa kufunguka, na kwa kuwa mfupa bado unakua, uso ukaja kuota upande. Daktari wa kinywa na meno hakumpasua, kwa sababu mfupa wa mtoto hujiunda upya vizuri kuliko wa mtu mzima. Alimpa dawa ya maumivu, chakula laini na mazoezi. Kufunga meno kwa waya, alisema, ni pale yanapokataa kabisa kukutana, tena kwa siku saba hadi kumi tu. Kuhusu chakula laini hatukuhitaji somo, Wachagga tuna mtori.

Mazoezi ndiyo yaliyotutoa jasho. Kila jioni mbele ya kioo aliachama taratibu, akilinganisha mstari wa kati wa meno ya juu na ya chini, hadi vidole vyake vitatu vipite vikiwa vimepangana wima. Juma la kwanza kilipita kimoja, naye akalia.

Ninacholalamikia ni kwamba wazazi wengi huacha kurudi hospitali mara mtoto anapoanza kula vizuri, ilhali kiungo kinaweza kukaza miezi kadhaa baadaye, na ukuaji wa taya hufuatiliwa kwa miaka. Mpwa wangu sasa anatafuna muwa, na baba yake anauliza nauli ya kliniki ni ya nini tena.