Mzigo wa mota uko kwenye mkono, si kwenye beringi

Vijana wanaounda roboti hapa Arusha wamegawanyika. Mkono wa roboti ukiinuka kwa shida, wengi hukimbilia beringi ya gololi. Wachache, ambao hawasikilizwi sana, husema: punguza kwanza uzito wa mkono, kiungo chenyewe kiwekee bushi ya nailoni, yaani kibomba kifupi ambamo pini ya kiungo inazunguka.

Wa beringi wana hoja. Kipimo cha msuguano (sehemu ya kani inayokandamiza ambayo hugeuka kizuizi) cha chuma juu ya nailoni kavu ni kama 0.25, cha beringi ya gololi ni karibu 0.0015. Kwa gurudumu linalozunguka mchana kutwa hakuna mjadala. Na mkono unaotakiwa kusogea nusu milimita tu, nailoni huung'ang'ania kwanza, kisha ikiachia unaruka.

Lakini namba hizo mbili zinatisha kuliko athari yake halisi. Chukua mkono wa nusu kilo, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 20 kutoka kwenye kiungo. Kuushikilia ukiwa umelala, mota inahitaji nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 10, yaani kilo 0.5 mara sentimita 20. Servo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoamuru) nyingi za bei nafuu hapo zimefika mwisho. Sasa pima msuguano. Pini yenye kipenyo cha milimita 8, bushi ya nailoni, na tuseme pini inakandamizwa kwa kilo 2, mara nne ya uzito wa mkono. Kilo 2 mara 0.25 mara sentimita 0.4 (nusu ya kipenyo cha pini) ni kilo-sentimita 0.2. Basi! Beringi bora kuliko zote haiwezi kukuokolea zaidi ya hapo. Mkono huohuo, kama ni wa flatibaa (ubapa) ya chuma, ukichongwa kwa alumini, vipimo vilevile, unabaki na theluthi ya uzito, na mota inatuliwa zaidi ya kilo-sentimita 6. Vipande vya alumini mafundi madirisha wanavyo. Kweli, alumini hupinda upesi kuliko chuma, ndiyo maana bomba la mraba linafaa kuliko bapa.

Tena kuna vumbi letu la kiangazi. Beringi ya wazi yenye graisi hulinasa, gololi zikaanza kusaga mchanga. Iliyofunikwa kwa mpira huvumilia, ila mpira wenyewe nao unakwaruza. Nailoni haihitaji graisi. Iachie nafasi kidogo tu, maana hunywa unyevu ikavimba, hasa wakati wa masika.

Na kabla ya kununua chochote, chomoa mota, zungusha kiungo kwa mkono wako. Kikikaza upande mmoja na kulegea mwingine, mashimo mawili hayako kwenye mstari mmoja. Yatoboe upya kwa pamoja, vipande vikiwa vimebanwa.