Pumzi sita kwa dakika, na dakika ni za nani?

Nilipokuwa nafanya kazi ya kupokea simu za wateja Dar es Salaam, siku moja tuliletewa mkufunzi wa kutufundisha kupumua. Vuta kwa pua huku ukihesabu hadi nne, shusha taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Dada wa meza ya nyuma yangu alikuwa ametoka kutukanwa na mteja aliyekatwa salio. Dakika tano hazijaisha, mabega yake yalishuka, akafuta machozi. Mkufunzi akasema tumeamsha neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi tumboni. Kisha tukavaa hedifoni zetu, na mfumo ukaendelea kutuletea simu mpya sekunde kumi tu baada ya ile iliyotangulia kukatika.

Somo lile halijanitoka, hasa siku hizi ambapo mitandaoni neva hii imegeuzwa dawa ya msongo wowote wa kazini: osha uso kwa maji ya barafu, guna kama unayebembeleza mtoto, nunua kifaa cha kubana sikioni. Ukweli ndani yake upo, tena si mdogo.

Vagasi ni ya kumi kati ya jozi kumi na mbili za neva zinazotoka kwenye ubongo. Inashuka shingoni pande zote mbili, inapita kwenye moyo na mapafu, inaishia tumboni. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliisisimua neva hiyo kwenye moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayatia kwenye moyo wa chura mwingine. Nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva ilikuwa imeachia kemikali, ile tunayoijua leo kama asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi na mwanasayansi mwenzake Henry Dale wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo vagasi ni breki ya moyo. Ukivuta pumzi breki inalegea kidogo na mapigo yanaongezeka; ukiishusha inakaza. Ndiyo maana pumzi ya kutoka inatakiwa iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Mwendo unaofaa zaidi ni kama pumzi sita kwa dakika. Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake walionyesha, katika jarida la tiba la Uingereza la BMJ, kwamba kusali rozari kwa Kilatini kunampeleka mtu karibu kabisa na mwendo huohuo. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu na tasbihi yake jioni, na sikuona ajabu tena kwamba alikuwa mgumu kughadhibika. Na mwaka 2023 uchambuzi uliojumlisha majaribio 12 ya mazoezi ya kupumua ulikuta msongo unapungua kweli, kwa kiasi kati ya kidogo na cha wastani. Kwa jambo lisilogharimu hata shilingi, hicho si cha kubeza.

Lakini wauzaji wanachanganya mambo. Kifaa kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa kifafa, na mwaka 2005 kwa sonona isiyosikia dawa, hupandikizwa mwilini kwa upasuaji. Hakina undugu na barafu ya usoni. Wala si kweli kwamba neva hii ikichochewa zaidi ndivyo afya inavyozidi. Mtu anayeona damu akazimia, mara nyingi ni vagasi iliyokaza breki kupita kiasi. Na kukanda shingo kwenye mshipa wa damu unaodunda, tafadhali usijaribu nyumbani. Madaktari hufanya hivyo kwa tahadhari, kwa sababu kwa baadhi ya watu, hasa wazee, kunaweza kuleta kiharusi.

Upande wa pili, ule wa kazi yenyewe, unanigusa zaidi. Mwaka 2024 mtafiti William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha utafiti wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza. Waliopewa mafunzo ya kuhimili msongo, programu za simu na mfano wa hayo hawakuwa na hali bora kuliko wenzao wasiopewa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani nayo yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Na Nairobi, zaidi ya watu 140 waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook walikutwa na madhara makubwa ya akili yatokanayo na kiwewe. Mtu aliyeangalia vifo kutwa nzima, unamwambia ahesabu hadi sita?

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema mazoezi haya ni ulaghai wa waajiri. Muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kusubiri mkataba wa chama cha wafanyakazi ndipo moyo wake utulie. Anahitaji kulala leo. Ninachokataa ni kumfundisha mtu kupumua halafu kumnyima nafasi ya kupumua. Kwa mwendo ule, pumzi moja inachukua sekunde kumi: kati ya simu na simu, sisi tulikuwa na pumzi moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60. Kwetu zilimegwa kila foleni ya simu ilipojaa. Mwajiri anayeiamini neva ya vagasi aanze kwa kuzirudisha zote, kisha aongeze tano nje ya mfumo kwa kila aliyetukanwa.

Yule dada aliendelea na zoezi lake. Alikuwa akilifanyia chooni, mlango umefungwa, kila alipopokea simu ya matusi. Mwisho wa mwezi msimamizi alimwita, akamwonyesha kwenye ripoti jumla ya dakika alizokaa huko.