Kitanda si Meza ya Kusomea

Mpwa wangu alipokuja Lamu likizo kutoka chuoni, usiku wa pili niliona mwanga wa simu ndani ya chandarua. Saa nane. Asubuhi akaniambia, "Shangazi, sikupata hata lepe la usingizi." Nilipotaka kumfulia suruali, mfukoni nikakuta vidonge vya mafua, nusu vimekwisha. Hana mafua. Anavimeza ili alale, na wenzake vivyo hivyo.

Iliniuma. Vidonge hivyo mwili huvizoea ndani ya siku chache, na asubuhi vinaacha kichwa kizito. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya kubadili fikra na mazoea, ndipo dawa zifikiriwe. Vijana wetu wanaanzia mwisho.

Sehemu moja ya tiba hiyo inatokana na mwanasaikolojia Richard Bootzin, aliyeieleza mwaka 1972: panda kitandani ukiwa na usingizi tu. Ukigaragara kama dakika 20, toka, kaa kwingine mpaka macho yalegee. Na hata ukikesha, amka saa ile ile. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanafidia asubuhi, na usiku unaofuata usingizi unapaa tena.

Sisi tuna adhana ya alfajiri, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, saa yake haisogei sana mwaka mzima. Ila mpwa wangu alikuwa akishaswali anarudi kulala hadi saa tano. Nikawa namtuma samaki kila asubuhi, apigwe na jua. Kahawa ya barazani baada ya isha nikamsihi aiache. Ukinywa saa tatu usiku, saa nane karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Wiki ya kwanza alininunia, mchana anasinzia. Wiki ya tatu nilipita mlangoni kwake saa sita usiku, nikamsikia anakoroma.

Hofu yangu ni hosteli. Chumba cha watu wanne, kitanda ndicho kiti, ndiyo meza, ndipo pa kulia. Ukimwambia atoke kitandani, aende wapi? Naviomba vyuo viache chumba kimoja cha kusomea wazi usiku, chenye taa na mlinzi. Na katika zahanati ya chuo awepo mtu aliyefunzwa tiba hii, amsikilize kijana kabla hajaandikiwa vidonge.