Asante kwa Shukrani Yako

Anayeendesha huduma ya barua pepe hukumbukwa siku barua zisipofika. Mimi nawahudumia wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam kwa seva moja ya kukodi, yaani kompyuta ya kupokea na kutuma barua, iliyoko Ujerumani, na wote hutuma barua zao kupitia anwani moja ya IP, ile namba inayoitambulisha seva mtandaoni, kwa hiyo mmoja akiliharibu jina la anwani hiyo, amewaharibia wote.

Mteja wangu mmoja, mzee anayeuza vipuri vya magari Kariakoo, alimwagiza mpwa wake aliyeko chuoni amtengenezee programu ya kumshukuru kila anayemwandikia. Kijana aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Kila barua iliyoingia ilijibiwa papo hapo kwa aya tatu za heshima, nembo ya duka yenye rangi zote, na nakala kamili ya barua iliyopokelewa, nadhani ili mwandishi asisahau alichokiandika. Programu za kawaida za namna hii humkumbuka mtu ambaye zimekwisha kumjibu, na nyingi hazimjibu tena mpaka zipite siku 7. Tena tangu mwaka 2004 upo utaratibu ulioandikwa kwamba jibu la mashine litiwe alama, na mashine ikiiona alama hiyo kwenye barua, inyamaze. Ya mpwa haikuweka alama wala haikuitafuta.

Hilo lisingemdhuru mtu, lakini mkesha wa Iddi wakala wa forodha aliyekuwa akimtolea Mzee mizigo bandarini naye alifunga ofisi, akaiachia programu yake kazi ya kuwaarifu watu kwamba yuko mapumziko na kuwashukuru kwa subira. Kwa jinsi ilivyofanya kazi, sina shaka nayo ilitengenezwa na mpwa wa mtu.

Mzee alimtumia wakala salamu za sikukuu. Programu ya wakala ikashukuru, ya Mzee ikashukuru kwa kushukuriwa, ya wakala ikasisitiza kwamba inathamini sana mawasiliano hayo, na zikaendelea usiku kucha kama wazee wawili wa Tanga mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenziwe atangulie. Kwa kuwa kila jibu lilibeba majibu yote yaliyotangulia pamoja na nembo zake, na picha ikisafiri ndani ya barua pepe huongezeka uzito kwa karibu theluthi moja, barua iliyoanza na mistari miwili ya Iddi Mubarak ilifika alfajiri ikiwa na unene wa faili la mahakamani.

Isitoshe, Mzee alikuwa ameomba nakala ya kila barua ipelekwe kwenye anwani yake binafsi, iliyoko kwenye kampuni kubwa ya Marekani. Kampuni ile ilipoona seva ndogo isiyojulikana inaimwagia shukrani bila kikomo, ilianza kutujibu kwa msimbo wa 421, ambao kwa lugha ya adabu maana yake ni njoo baadaye. Seva husikia. Ikaambiwa baadaye, ikarudi baadaye, kwa maana kanuni huishauri isikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5, na barua za wateja wengine wote zikajipanga nyuma yake.

Nilikuwa sijamaliza pilau simu zilipoanza. Mama mmoja mwenye ukumbi wa harusi alitaka kujua kwa nini bei alizomtumia bwana harusi hazijafika.

"Zimo kwenye foleni, mama."

"Foleni ya nini, na leo ni sikukuu?"

"Ya shukrani."

Alikata simu, na sikumlaumu.

Nikampigia Mzee, nikamwamkia, akaitikia marahaba ya mtu mwenye furaha kubwa. "Kijana wangu, biashara imefunguka! Barua zimeingia mpaka kisanduku kimejaa. Nimeshamwambia mpwa wangu anitafutie katibu wa pili."

"Mzee, zote zinatoka kwa mtu mmoja."

"Anataka nini?"

"Anakushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kumshukuru."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza iwapo jibu la mwisho limetoka kwake au kwa wakala, kwa sababu haikumpendeza kuonekana yeye ndiye aliyemwacha mwenzake bila jibu siku ya Iddi. Nilimhakikishia kwamba la mwisho ni lake, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa muda wa sekunde chache hivi, nikaitumia nafasi hiyo kuizima programu ya mpwa. Kisha nikaanza kuichambua foleni, nikifuta shukrani na kuziacha ankara zipite, kazi iliyonichukua mpaka usiku kwa kuwa zipo ankara ambazo nazo huanza kwa kushukuru.

Ofisi zilipofunguliwa, Mzee alinitaka nimwandikie kwa barua pepe taarifa kamili ya yaliyotokea, na nakala nimpe wakala. Nilizichapisha zote mbili kwenye karatasi, nikampa kijana wa bodaboda azipeleke.