Kaka mkubwa wa drama na pesa ya gari

Muhula ukishashika kasi, matatu zenye spika na masanduku ya mavazi hutoka Nakuru kuelekea Kericho, Kisumu hadi Kakamega. Ndani mna vijana waliomaliza chuo juzi, wanaokwenda kuigiza vitabu teule vya fasihi kwenye mabwalo ya shule za upili. Kwa wengi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya sanaa kuwatia shilingi mfukoni, na aliyewaita mara nyingi ni mtu aliyewatangulia chuoni au katika klabu ya drama.

Je, huo ni msaada, au kaka mkubwa amejipatia vibarua wa bei nafuu?

Wanaousifu mpango huu wana hoja nzito. Chuo humfundisha kijana kutoa sauti na kuchambua mhusika. Hakimwambii ampigie nani simu, wala kwamba mkataba wa tangazo usipotaja muda wa kurushwa, sura yake itauza sabuni miaka na mikaka kwa malipo ya siku moja. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwigizaji haki juu ya onyesho lake. Nimekutana na wahitimu walioigundua baada ya kutia sahihi. Halafu kuna umbali. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 350, kwa usaili wa dakika kumi. Mwenye kochi la kukulaza Kayole usiku huo amekufaa kuliko mgeni wa heshima aliyehutubia mahafali yenu.

Lakini kaka huyo huyo anaijua njaa yako. Atakwambia "utajulikana", nawe utamdai vipi mtu aliyekunoa ukariri shairi mpaka mkafika tamasha la kitaifa? Makaka hawa hunitajia mwigizaji Lupita Nyong'o, kwamba kabla ya Oscar ya 2014 naye alianzia kazi ndogo nyuma ya kamera. Ni kweli. Ila baba yake ni profesa na mwanasiasa mkubwa. Kijana wa Obunga, mtaa wa mabanda wa Kisumu, asipolipwa Ijumaa, Jumamosi hali.

Na wasio na kaka je? Shule zenye jina kwenye tamasha huvutana zenyewe kwa zenyewe. Msichana wa shule ya kutwa huko Nyakach, hata awe na kipaji cha kusimamisha ukumbi, hana wa kumwita. Kwangu hili ndilo doa kubwa zaidi, na silioni likizungumzwa.

Nikiri pia kwamba kaka mwenyewe si tajiri. Anapeleka ankara, bursa, mhasibu wa shule, anamwambia arudi kapitesheni ikiingia, yaani pesa za serikali kwa kila mwanafunzi. Ukimbana alipe kila mtu kabla ya onyesho, pengine gari halitatoka kabisa, na wote watabaki nyumbani na vyeti vyao.

Hata hivyo, kukosa pesa ni jambo moja, kuzificha ni jingine. Kiongozi mmoja wa kundi hapa Nakuru, siku ya mazoezi ya kwanza, huandika ubaoni kiasi ambacho shule imekubali, kisha mafuta, chakula na fungu la kila mmoja. Lake huliandika mara mbili ya wengine. Mwaka jana mgeni mmoja aliuliza kwa nini. Wenzake wakamjibu kabla kiongozi hajafungua kinywa: gari ni lake, na clachi ilikatika Londiani.